Ng'ombe wa Bahati Nasibu

Jumapili

Wiki nzima nimekula ugali wa kujipikia kwa sababu ya nyumba ambayo haipo. Nilisema tu kwamba nikishinda bahati nasibu nitajenga Diani. Mke wangu Mwanasha akataka humo chumba cha kaka yake. Nikakataa. Akafunga nguo zake, akaenda kwao Mkongani.

Leo nimemfuata. Njiani niliwaza kwamba hela ninazopoteza kwenye huo mchezo zingetununulia hata mafuta ya kupikia. Nikamwambia baba mkwe, "Shikamoo, baba. Nimekuja kuomba radhi, na kucheza nimeacha."

Mzee akashtuka. "Umeacha? Umemdhalilisha binti yangu, faini yako ni ng'ombe. Kwa vibarua vyako hivyo utampata wapi? Utanilipa ukishinda. Mpaka siku hiyo, ole wako uache!"

Basi jioni hii nimecheza tena. Kama kuna faida mimi sijui, lakini hukumu ni hukumu. Na Mwanasha amerudi, alhamdulillahi.

Tulipomaliza kula ameniuliza huyo ng'ombe atakuwa wa rangi gani. Nikamjibu, mweusi. Yeye anamtaka mweupe.

Sasa anafunga nguo.