Mtoto Aliyekula Udongo

Alkhamisi, Azaiba, Maskati. Mchana kutwa vumbi. Jioni hewa imetulia, na mimi pia.

Nimetoka kumtazama Priti, binti wa jirani yangu Hansa. Hansa ni Mhindi wa Unguja, ndiyo maana kwao Kiswahili hakijafa. Leo Priti amepanda jukwaani peke yake kwa mara ya kwanza kucheza bharatanatyam, ngoma ya kale ya Wahindi wa kusini, ambamo mchezaji mmoja huwa watu wote wa kisa.

Wiki iliyopita alitaka kuacha kabisa.

Mwalimu wake alimfutia hatua karibu zote katika kisa cha mama anayemkagua mwanawe aliyekula udongo. "Ananiketisha kama mgonjwa, Bibi," alinilalamikia. "Watu watasema sijui kucheza." Na Hansa alishaalika ukoo mzima.

Nilimwambia amsikilize mwalimu, wala si kwa adabu tu. Nimesoma habari za ngoma hii. Zamani wapiga ala walisimama nyuma ya mchezaji, wakimfuata kila aendako. Watungaji wa baadaye ndio waliowaketisha pembeni, wakapanga kipi kitangulie na kipi kifuate, wakamwachia mchezaji jukwaa tupu. Hata upweke wake umetungwa.

Nnalisema hili bila wasiwasi: achezaye peke yake ana mtu aliyemwamulia pa kutazama.

Leo mwalimu alikaa pembeni na matoazi yake madogo. Dada yangu Zuwena, aliyezoea ngoma za watu wengi, akaninong'oneza, "Wenziwe wamekwama kwenye foleni ya magari Wattaya?" Nikamfinya.

Kisha Priti akaketi. Akainua kidevu cha mtoto asiyekuwepo, akangoja afumbue kinywa. Matoazi yakanyamaza. Ukumbi mzima ukangoja.

"Mbishi huyo," akasema Zuwena. "Mbane pua."

Baadaye mlangoni Priti alinishika mkono, wanja umemvuja hadi mashavuni.

"Bibi, ulimwona mtoto?"

Nilimwona. Ningeweza kutaja rangi ya shati lake.

"Mimi sikumwona," akasema kwa sauti ndogo, kama aliyetudanganya sote. "Nilikuwa nahesabu tu, kama alivyonifundisha."

"Basi usiache kuhesabu, mwanangu."

Akacheka. Mwalimu alikuwa akipita na matoazi yake mkobani. Priti akaniachia mkono, akamkimbilia kumuuliza kesho waanze saa ngapi.