Eti Kompyuta Imekataa Jina Langu

Ijumaa, Oktoba 1997. Joto limebana tangu asubuhi, hata upepo wa ziwani haufiki huku, na mimi nina hasira mpaka chai nimeisahau ikapoa.

Leo nilikwenda kuchukua cheti changu cha kompyuta. Jumatatu nina usaili wa kazi ya uchapaji kwenye kiwanda cha minofu ya samaki, na wametaka vyeti vyote, majina yafanane. Meneja wa chuo akanikabidhi karatasi nene, nzuri, yenye mhuri. Katikati imeandikwa: NgÆwashi Masanja.

Naitwa Ng'washi.

Nilidhani ni mzaha. Meneja akaitazama, akainua mabega. "Dada, kompyuta imekataa. Haijui Kisukuma." Akanishauri niwe Ngwashi tu, bila kile kialama, au nitumie jina la ubatizo, Veronika, ambalo halina matatizo.

Halina matatizo! Kumbe jina la bibi yangu ndilo lenye matatizo.

Kinachoniuma ni kwamba chuo hichohicho ndicho kilichonifundisha kuwa kompyuta haijui lugha yoyote. Haijui hata herufi. Inajua sifuri na moja, basi. Kila herufi imepewa namba yake, na namba hiyo huwekwa ndani kwa sifuri na moja zilizopangwa nane nane. N kubwa ni 78, g ndogo ni 103, na kialama changu ni 39, yaani 00100111. Kimo kwenye jedwali lilelile lenye A na B. Kiingereza chenyewe kinakitumia kila siku, na sijasikia Mwingereza akiambiwa amekataliwa.

Nilitoka nikakaa kwenye ngazi, nikalia kidogo, kisha nikaanza kufikiri. Majina yetu yalichapwa kwenye mashine mpya ya ghorofani. Ile ina maringo: ukibonyeza kialama kilichonyooka, inakupindia ili kipendeze. Cha kupinda kina namba nyingine, 146, yaani 10010010. Halafu disketi ikapelekwa kwenye mashine ya zamani ya chini, yenye printa. Hiyo ina jedwali lake, na humo 146 ni Æ, herufi ya Wazungu wa mbali huko, sijui hata inatamkwaje. Namba haikubadilika hata kidogo, ila kila mashine inaisoma kivyake. Ukipitisha ng'ombe njia hiyo, atatoka ngÆombe, halafu watu wa huku waambiwe kwamba ng'ombe hajulikani.

Nikarudi, nikamweleza meneja yote hayo kwa adabu kabisa. Nikamwomba anipe nafasi kwenye mashine ya chini nifute Æ na kubonyeza kialama, basi. Akasema waliomaliza masomo hawaruhusiwi kugusa mashine. Tena wenzangu wawili wenye majina kama langu walishakubali kuandikwa bila alama, wakaenda zao bila ubishi.

Wamekubali.

Nakiri, nami nilikaribia kukubali. Nimechoka kutafuta kazi. Lakini cheti cha sekondari kinasema Ng'washi, na nikipeleka viwili visivyofanana wataniona nimeazima cheti cha mtu. Hata kama wasingeuliza, mimi ningejua. Nikamwambia sikichukui, nikashuka.

Nilikuwa nimeshafika mtaani aliponiita kutoka dirishani.

"Ng'washi, umesahau mkoba wako."

Alilitamka sawasawa, sauti yake ya puani imekaa mahali pake, vilevile anavyolitamka mama kule Misungwi. Mtu huyu kwao ni Sengerema. Majina haya amekua nayo. Nikapanda kuchukua mkoba, nikamtazama usoni, na yeye akajifanya anapanga karatasi.

Kesho wanafungua mpaka mchana. Nitakuwa mlangoni kabla yake, na sitoki pale mpaka aandike jina ambalo anajua kuliita.