Kituo cha Tatu: Chai ya Mama

Mama,

Sikukuandikia mapema kwa sababu sina uso wa kukutazama. Hapa nyumbani wanasema nimenyamaza kwa uchungu, nami nawaacha waseme. Si uchungu tu. Ni aibu.

Unaikumbuka ile programu yangu ya ziara, uliyoiita "dereva asiye na tumbo"? Nilikuwa nakaa meza ya pembeni pale mgahawani kwako Rwezamenyo, wewe ukisukuma chapati, mimi nikikueleza: mgeni anasema anapenda nini, programu inachota mahali kwenye ramani ya mtandaoni, inatazama nyota ambazo watu wametoa, inapima umbali, inapanga vituo, kisha inapiga hesabu ya bei ya gari, mafuta na faida yangu. Ukaniuliza kama inajua kusalimia. Siku hiyohiyo nikakuweka na wewe kwenye ramani, na picha yako umeshika birika. Watu wakakujazia nyota. Kwenye programu, bei ya kituo chako, cha tatu kwenye ziara, niliandika sifuri, maana hukukubali mgeni alipie chai ya mwanzo. "Kikombe cha kwanza hakina bei," ulisema. "Akitaka cha pili, anunue."

Ulipotutoka sikugusa kompyuta. Programu ikajiendesha: ikapokea wageni, ikawatumia bei, ikampa dereva njia. Ramani haikujua kwamba kuna msiba. Kwake wewe ulikuwa bado umefungua mlango.

Siku ya kumaliza ikiriyo, yale maombolezo yetu, ndugu wote wamekaa uani pale mgahawani kwako kukuondolea matanga, nilikuwa nashusha kreti za soda. Gari likaegesha, jina la kampuni yangu ubavuni. Akashuka mzungu na mkewe, pamoja na Hamza, dereva niliyemwajiri majuzi, hajui hata kwetu ni wapi. Alifuata simu tu. Mama mdogo akawapokea kwa mikono miwili, akawakalisha mbele, akawapa chai. "Yebaba we! Munaona? Mpaka bazungu banakuja kumulilia dada yangu. Huyu alikuwa mutu, kabisa!"

Watu wakaguna kwa heshima. Yule mama wa kizungu akainamisha kichwa juu ya kikombe. Nami nimesimama na kreti mikononi.

Nilijiambia nanyamaza kwa sababu Mama mdogo alikuwa anatabasamu kwa mara ya kwanza tangu tukuzike. Uongo. Niliogopa macho ya wajomba.

Jioni wageni wakaandika kwenye ramani: chai tamu, wenyeji wengi, utulivu wa ajabu. Nyota tano. Programu ikakupandisha juu zaidi, ikawa inakupendekeza kwa kila anayetaka kuona maisha halisi ya Kigali. Na wale walikuwa wamelipia ziara, Mama. Zile soda tulizokunywa kwa ajili yako nilizinunua kwa pesa yao.

Kwenye ramani kuna mahali pa kubonyeza palipoandikwa "pamefungwa kabisa". Kila nilipofika hapo nilifunga kompyuta. Niliona kama nakuzika tena, safari hii bila mtu wa kunishika mkono. Nikaahirisha, na juzi Hamza akapeleka wengine. Wakagonga mlango wako, wakangoja, mpaka jirani akatoka kuwaambia mwenyewe alishafariki. Waliomba radhi. Wao ndio walioomba radhi!

Asubuhi ya leo nimebonyeza. Nimelia kama mtoto, halafu nikawaandikia wageni wote ukweli na kuwarudishia fedha zao. Amebaki Mama mdogo. Habari ya wazungu waliokuja kukulilia ameshaitembeza Rwezamenyo yote, hadi Kinyinya kwa wakwe zake, na kila akiisimulia ananishika bega, mimi shahidi wake. Jumapili nitamwendea, nimwambie mbele ya hao hao waliomsikia. Akinifungia mlango nitakaa pale nje mpaka aufungue. Nakuahidi sitaondoka.

Pumzika, Mama. Birika lako nimelisugua, liko kwangu, na atakayeingia kwangu atakunywa kabla sijamuuliza anataka kwenda wapi. Nisamehe ukiweza. Kikombe chako hakikuwa na bei. Mimi, mwanao, ndiye niliyekitia bei, tena kwenye matanga yako.

Odeta wako