Mbuzi wa Shaba wa Mzee Onesphory

Mikumi,
Ijumaa asubuhi.

Kwako Mama yangu mpenzi,

Shikamoo Mama. Pokea kwanza salamu, mengine yatafuata. Goti linakuruhusu kushuka mtoni, au bado unamtuma Hezekia? Na mpunga mmeuwahi, au nguruwe wamewatangulia? Mimi ni mzima, nakula, nalala. Hapo kwenye kulala nimedanganya, Mama. Usiku wa pili huu sijapata usingizi.

Ninaandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu yako unaisikilizia dukani, sauti imefunguliwa yote, na hili sitaki lisikiwe na kijiji chetu kizima cha Ulaya. Barua nampa Mathayo, kondakta wa basi la Kilosa. Tafadhali usiisomee mbele ya Mama Mchungaji.

Mzee Onesphory ninayemtunzia nyumba alikuwa fundi wa mitambo melini, nadhani nilikusimulia. Wenzake kila bandari walinunua redio na mashati. Yeye alinunua vitu vya kale vya shaba ile iliyochanganywa na bati, kazi ya mafundi wa vijijini. Sebuleni viko arobaini na viwili. Kuna taa ya mafuta ya India yenye tausi, kuna mpanda farasi wa Nigeria mwenye kichwa kikubwa kuliko cha farasi wake, na kuna mbuzi mdogo wa Burkina Faso anayeenea kiganjani. Vyote vilikuwa vyeusi, vingine vina ukijani kwenye mikunjo.

Siku ya kwanza alinionyesha kazi zote, akamalizia kwa kuniambia vitu vile nivipanguse kwa kitambaa kikavu tu, maji yasiviguse. Nikaitikia ndiyo, Mzee. Lakini moyoni nilisema huyu haoni, atajuaje vilivyo vichafu? Macho yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho, na vitu vyake alivijua kwa kuvipapasa.

Wiki mbili zilizopita akaenda Dar kufanyiwa upasuaji. Huku nyuma akina mama wa kanisa wakapanga kuja kunitembelea Jumanne. Mama Samwel, safari iliyopita, alipitisha kidole kwenye yule mpanda farasi, akaniuliza kama kweli mimi ni binti wa Magreth wa Ulaya, yule aliyesugua misalaba na vinara vya kanisa miaka thelathini hadi askofu akawa anajiona sura. Wenzake wakacheka. Unanijua mwanao, kuchekwa siwezi.

Basi Jumatatu nikachekecha majivu, nikakamua ndimu, nikatafuta khanga kuukuu, vile vile ulivyonifundisha nikiwa darasa la tatu. Nilisugua kutwa nzima huku naimba. Jumanne akina mama walipoingia, sebule ilikuwa inawaka. Walipiga vigelegele, na Mama Samwel akapitisha kidole tena, kikatoka safi. Nilivimba kichwa, Mama, sikufichi.

Jumatano akaja Doto, fundi seremala, kupima rafu mpya. Alifika mlangoni akashika kichwa, akauliza nani kafanya haya. Nikajibu kwa maringo kuwa ni mimi. Akaniambia taratibu, kama mtu aliye msibani, kwamba weusi ule ndio umri wa kitu. Unakuja wenyewe kwa miaka mingi, na wanaovijua wanavipenda kwa ajili yake. Kikishasuguliwa, hakina tofauti na kilichotengenezwa jana. Nikamwambia aache utani. Hakuwa anatania.

Ee Mungu wangu, nilijaribu kila kitu! Nilichukua masizi ya sufuria na mafuta ya alizeti nikampaka yule mpanda farasi, akawa kama mtoto aliyekutwa jikoni anadokoa. Nikamfuta. Nikakaa chini nikalia.

Jioni ile ile Mzee akapiga simu. Alikuwa na furaha kama kijana, akasema sasa anaona hata sisimizi ukutani, anarudi Ijumaa, na cha kwanza anachotaka kukiona ni mbuzi. Ndipo akanieleza jambo ambalo hakuwahi kunieleza. Yule mbuzi alikuwa wa marehemu mkewe, Bibi Yunis. Alimshika kila asubuhi akisali, miaka ishirini na sita, hadi mafuta ya mkono wake yakaganda mgongoni, weusi uliokolea pale kidole gumba kilipokaa. Tangu amzike, Mzee anapapasa pale pale. Kisha akaniuliza kama vitu vyake viko salama.

Hapa ndipo penye dhambi yangu, Mama. Nilimjibu, "Viko vile vile ulivyoviacha, Mzee." Kusugua ulikuwa ujinga, lakini hilo nililisema kwa mdomo wangu nikijua. Na si hilo tu. Begi nimeshalifunga. Mzee anafika saa tisa. Saa sita ninamwachia Doto ufunguo, nakwenda kwa shangazi Kimamba. Kwako sitakuja, maana sina uso wa kukutazama. Ukisikia watu wanasema binti yako ametoroka kazini, ujue ni kwel

Mama, hapo juu niliacha kalamu kwa sababu gari lilipiga honi nje. Mzee alikuwa amepata lifti, akafika mapema. Alishuka amevaa miwani myeusi, akanitazama, akasema kumbe mimi ni mdogo hivi. Halafu akaliona begi. Nilimwambia yote pale pale uani, hata lile la simu. Akaingia ndani.

Alimchukua mbuzi, akamtazama muda mrefu. Kisha akavua miwani, akafumba macho, akapitisha kidole gumba mgongoni, mara moja, mara mbili. Machozi yalimtoka. Mimi nilisubiri kuambiwa niondoke. Begi lilikuwa mkononi tayari.

Akaninyang'anya begi, akaniwekea mbuzi kiganjani, akanikunja vidole. "Mshike wewe sasa, kila asubuhi," alisema. "Mimi sitauona weusi wake tena. Lakini uanze."

Ana miaka sabini na nne, Mama. Sijui kama amenisamehe au amenifunga. Kimamba siendi.

Nisalimie Hezekia na wote wa nyumbani, na uniombee kwa nguvu zako zote. Mwandiko huu wa mwisho usiucheke. Karatasi inanihama, kwa kuwa naandika kwa mkono mmoja; wa kushoto umemshika mbuzi.

Mwanao akupendaye,
Debora