Mume Wangu Hataki Tule Unga wa Jirani

Bwana Mshauri,

Baada ya salamu, naomba unisikilize kama ungemsikiliza dada yako, maana huku sina wa kumwambia, mama yangu amefariki, na wifi zangu wakinisikia watasema namsengenya kaka yao, na mimi mume wangu nampenda.

Mume wangu Twalibu alikuwa mpishi kwa Mzungu Dar es Salaam, na wakati wa vita, chakula kilipokuwa cha kugawiwa, alikuwa akitoka kuwapikia watu kuku anakwenda kupanga mstari juani kungoja kibaba cha unga, na siku moja mgawaji akamsukuma kifuani mbele za watu, akamwambia, "Unga umekwisha, rudi kwenu ukalime." Neno lile hakulisahau. Vita vilipokwisha tukahamia huku Vihingo kwenye ardhi ya marehemu baba yake, tukafyeka, tukapanda mihogo, mbaazi na kunde, bondeni mpunga, kuku wakazaana, mafuta ya nazi nikikamua mwenyewe, dukani tukawa tunafuata chumvi na kiberiti tu, na nakuambia kweli Bwana Mshauri, sijapata kuishi vizuri kama miaka ile, hata mwanetu Salehe nimempata huku baada ya kungoja sana.

Masika yaliyopita nguruwe walitoka msituni, wengi. Majirani wakakubaliana kujenga wigo mmoja kuzunguka mashamba yote na kulinda kwa zamu, wakaja kumwita Twalibu, naye akawajibu, "Nilitoka mjini ili nisimtegemee mtu. Shamba langu nitalilinda mwenyewe." Akajenga dungu lake, akawa anashinda na kulala huko juu akigonga debe, lakini mtu mmoja lazima usingizi utamshika, na ulipomshika waliingia wakafukua mihogo na kuulaza mpunga, asubuhi tukakuta mashimo. Mashamba ya wenzetu yamesalimika.

Tangu hapo kuku tumewamaliza, tunakula mchicha na mapapai mabichi ya kuchemsha. Twalibu anaacha sehemu yake, anasema ameshiba, mtoto amalizie, nami naziona mbavu zake akivua shati. Juzi jirani yetu Bi Biubwa akaniletea kapu la makopa, ile mihogo mikavu, akasema, "Twanga, mwanangu, umpikie mtoto. Hapa hakuna deni." Nikatwanga, nikasonga ugali. Twalibu akamega tonge, akauliza, "Unga umetoka wapi?" Nikamwambia, "Kwa Bi Biubwa." Akalirudisha tonge, akanawa, akasema, "Kapu lirudi kwa mwenyewe," akatoka, na Salehe akalia kwa kuona baba yake hali.

Kapu bado limo ndani. Kaka yangu Mwinyijuma ameniletea habari niende kwake Dar es Salaam na mtoto. Nikilirudisha kapu mtoto atakula nini, nikipika kwa kificho si nitakuwa mwizi nyumbani mwangu, na nikiondoka nitamwacha peke yake na mashimo yale. Nifanyeje?

Mwanakheri,
Vihingo, Kisarawe

JIBU

Bibi Mwanakheri,

Pole sana. Mumeo si mtu mbaya. Aliyesukumwa mbele za watu kwa ajili ya kibaba cha unga, kila mkono unaomletea chakula huuona kama mkono ule ule. Lakini Bi Biubwa hakumsukuma, na hilo lazima aambiwe.

Nawe nikugombeze kidogo. Barua yako imejaa njaa ya mtoto na mbavu za mume. Njaa yako wewe hukuitaja hata mara moja. Je, yeye umemwambia? Mwambie leo, kwa maneno haya haya: "Twalibu, nina njaa." Kisha muulize kwa upole, miche ya mihogo mliyopanda mwaka wa kwanza mliikata shambani kwa nani? Hamkuja nayo kutoka Dar es Salaam ndani ya sanduku. Na siku ulipojifungua Salehe, nani alikushika mgongo? Kulima chakula chako ni jambo la heshima, nami namsifu kwa hilo. Ila nguruwe hawamwogopi mtu mwenye heshima aliye peke yake.

Kwa kaka yako usiende sasa. Ukiondoka leo, Twalibu ataamini kweli kwamba kila mtu humwacha. Lakini mtoto akianza kulegea au kuvimba miguu, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, na ruhusa usingoje.

Siku majirani watakapotengeneza tena wigo wao, shika panga uende ukafunge fito pamoja na wenzako. Usimbembeleze aje, mwambie unakokwenda, basi. Msaidie Bi Biubwa kupalilia, na ukimaliza mwombe miche, mvua za vuli zisikukute mikono mitupu.

Kapu usilirudishe, na kificho sikitaki. Twanga makopa yaliyobaki, songa ugali mchana mlango ukiwa wazi, umkaribishe mumeo. Akikaa, usiseme neno. Akitoka, kuleni wewe na mtoto mpaka mshibe, na sehemu yake uifunike kwa kawa, uiweke pale anapokaa kila siku. Usiiondoe mpaka arudi.