Mraba Hauna Jina

Jumanne, Julai, baridi ya kuingia mifupani

Riruta nzima leo inanuka jiko la makaa. Nimejifungia chumbani na soksi mbilimbili miguuni, sitaki kuongea na mtu. Ndiyo maana naandika hapa.

Asubuhi tulikuwa na somo la jenetiki ya binadamu. Mhadhiri alitufundisha kuchora ukoo: mwanamume ni mraba, mwanamke ni duara, mgonjwa unamjaza wino. Akasema kila mtu achore familia yake, achague kitu chochote, kama upara au vishimo vya mashavu. Wenzangu walicheka wakichunguzana mashavu. Mimi, kwa ujinga wangu, nikachora ugonjwa wetu.

Unaanza kwa kuangusha vitu. Kisha mikono na miguu inacheza bila ngoma, halafu mtu anasahau watoto wake. Guka, baba mzazi wa baba yangu, alikufa nao. Aliitwa Kamau. Babu yake, aliyempa jina hilo, inasemekana naye alicheza hivyo hivyo. Walio katikati hawakuwa nao. Kwetu Wakikuyu, kifungua mimba wa kiume huitwa jina la guka wake, kwa hivyo ukoo mzima ukakata kauli: ugonjwa uko kwa jina.

Kaka yangu alipozaliwa, baba alikataa katakata kumwita Kamau. Akampa jina la upande wa mama, Mwangi. Guka alikuwa bado hai, na wanasema alilia. Kumnyima mtu jina kwetu ni kumwambia akifa ndiyo basi. Miaka ikapita, binamu yangu Kamau, mtoto wa kaka mkubwa wa baba, akaanza kuangusha vikombe. Watu wakatingisha vichwa. Si tulisema?

Leo niliiangalia ile miraba ya walio katikati, baba yake guka na baba yake binamu yangu. Mmoja alikufa vitani, mwingine ajalini, wote vijana. Hawakuwa wazima. Waliwahi tu kufa.

Kwenye mchoro hakuna mahali pa kuandika jina.

Mhadhiri alichungulia karatasi yangu. Akanieleza polepole kwamba huo ni ugonjwa wa jeni moja, na mzazi akiwa nao, kila mtoto ni kama kurusha shilingi, wa kike kwa wa kiume. Akauliza kama kweli ni familia yangu. Nikasema hapana, nimebuni. Mficha maradhi kilio humuumbua, najua. Lakini ningesema nini mbele ya darasa?

Mraba wa baba nilikuwa nimeuacha mweupe. Tangu Krismasi anashika kikombe kwa mikono miwili, na sisi sote tunajifanya ni baridi.

Nikaujaza wino.

Chini yake kuna Mwangi. Na mimi. Wueh. Sijawahi kujiogopea hata siku moja. Mimi ni Wanjiru, jina la shosho, nyanya yangu, jina safi. Hakuna aliyewahi kunitazama mikono.

Mke wa Mwangi yuko karibu kujifungua, na wameambiwa ni mvulana. Kwa desturi ataitwa Njoroge, jina la baba. Wiki iliyopita baba aliwakataza. Alisema jina lake nalo limeingiwa, acha life naye. Hakupandisha sauti. Akaongeza kwamba angalau mimi na Mwangi alituokoa. Siku hizi hana kingine cha kujivunia.

Nimerudi kutoka mjini nikiwaza hilo tu. Nikinyamaza, baba anakufa bila jina, bure kabisa. Nikisema, ataelewa kwamba hakuokoa mtu. Nimechukia masomo yangu leo, aki ya Mungu.

Nilimkuta sebuleni, redio ikilia kwa sauti ya chini. Nikamimina chai ya watu wawili, nikaketi.

"Baba, ugonjwa hauko kwa jina. Tumesoma. Mtoto aitwe Njoroge."

Uso wake ulifunguka. Sikuwa nimemwona hivyo tangu mwaka jana. Akarudia jina lake mwenyewe kwa sauti ndogo, kama anampigia mtoto hodi mlangoni. Nami nikafurahi, mjinga mimi, nikadhani tumemaliza.

Baba alikuwa karani maisha yake yote. Jambo hafiki katikati akaliacha. Na huniita mami, kwa kuwa nina jina la mama yake.

"Sasa kama hauko kwa jina, mami, uko wapi?"

Akaangalia mikono yake juu ya kikombe. Halafu akaangalia yangu.

Nilikishika kikombe changu kwa mkono mmoja, kwa nguvu, ili aone.

Vidole bado vinauma. Na Mwangi nimwambie lini, kabla mtoto hajazaliwa au baada?