Chai ya Mlango

Kakuma, Februari 1974

Baba,

Natumaini baridi ya huko haijakusumbua mgongo. Mimi ni mzima wa mwili, lakini uso sina pa kuuweka.

Juzi tulitoka Lodwar kuja kujenga nyumba za walimu hapa Kakuma. Landrover ikazima njiani. Kando ya barabara kulikuwa na kibanda cha mviringo, fito tupu, bila paa wala mtu. Nikajua kimeachwa. Nikang'oa fito nne, nikachemsha chai.

Kabla hatujanywa, akafika mama mmoja na punda aliyebebeshwa ngozi na majani ya mkoma. Nikamsalimia, "Ejok." Yeye alikuwa anatazama moto.

"Wewe nani?"

"Mimi ni fundi," nikajigamba. "Najenga nyumba."

"Hiyo unachoma ni mlango yangu."

Kumbe alikuwa amehama kwa muda tu kufuata malisho ya mbuzi, paa akaenda nalo, na sasa anarudi kwake. Nilitamani ardhi inimeze. Nikamshikia fito zilizobaki huku akizifunga kwa kamba za ngozi. Hakutumia msumari hata mmoja, na alipomaliza kuezeka, chini ya majani yale kulikuwa na ubaridi ambao mabati yetu hayatauweza.

Nikampa kikombe. Akaonja.

"Chai ya mlango yangu," akasema. "Ongeza sukari."

Msalimie Mama. Akiuliza ufundi unaendeleaje, mwambie nimebomoa nyumba moja kabla ya kujenga hata moja.

Mwanao,
Wafula